Simu Inapokosa Mtandao: Maneno kwa Waendao Tunduma na kwa Waliobaki Nyumbani

Nyumba nyingi za kisiwa chetu zina jamaa bara. Mmoja ana duka Mbeya, mwengine huendesha lori, mwengine huenda Tunduma kununua mchele na maharage. Zamani mtu akisafiri tulingoja barua yake wiki kwa wiki; siku hizi ikipita siku moja bila ya kupata simu yake, roho hazitulii. Na si roho tu. Ada ya skuli, malipo ya wachumaji na akiba ya mavuno mara nyingi hupita katika simu. Laini ikinyamaza, fedha nazo hunyamaza.

Kwa hiyo tumeona yafaa tuwaeleze wanachama wetu nini cha kufanya simu au kishikwambi kinapokosa mtandao. Tumeichagua Tunduma kwa makusudi, kwa sababu pale shida karibu zote za simu hukutana mahali pamoja. Aliyezifahamu za Tunduma hatababaika na za shambani kwake.

MJI ULIVYO

Tunduma umo katika Mkoa wa Songwe, mkoa uliokatwa kutoka Mbeya mwaka 2016, ambao makao yake makuu ni Vwawa. Upo kiasi cha kilomita 100 kutoka mji wa Mbeya, juu ya barabara kuu itokayo Dar es Salaam kwenda Zambia, na reli ya TAZARA nayo hupita hapo. Ng'ambo ya mpaka ni mji wa Nakonde, Zambia. Miji hii miwili imeshikana hata mgeni asiyeonyeshwa hajui wapi mmoja umekwisha na mwengine umeanza. Tangu mwaka 2019 pana kituo cha pamoja cha mpakani, na malori yaendayo Zambia na Congo hupanga foleni hapo.

Binaadamu huulizwa hati zake mpakani, lakini mawimbi ya simu hayaulizwi kitu. Mnara ulio Nakonde husikika Tunduma, na wa Tunduma husikika Nakonde. Simu yako kwanza hutafuta mtandao wa kwao. Lakini ukiingia nyuma ya jengo kubwa au ndani ya kibanda cha bati, mtandao wa kwao ukapotea kwa kitambo, simu hushika wa jirani, ikiwa laini yako imeruhusiwa kufanya hivyo. Jambo hili ndilo liitwalo rominga. Na simu ikishashika mtandao wa ugenini haina haraka ya kurudi. Huweza kukaa huko dakika nyingi ingawa mtandao wa nyumbani umesharejea.

Hasara yake ni ya fedha. Katika rominga hulipi kwa kupiga tu, bali aghalabu hulipa hata kwa kupokea. Intaneti nayo hula salio kimya kimya, kwa picha na ujumbe unaoingia bila ya wewe kugusa kitu. Mtu hutia salio asubuhi, na adhuhuri akalikuta limekwisha, akadhani ameibiwa.

DALILI TATU ZA KUWA UPO UGENINI

Kwanza, tazama jina la mtandao juu ya kioo. Ukiona MTN au Zamtel, umeshavuka mpaka ingawa miguu yako ingali Tanzania. Lakini jihadhari: Airtel wapo nchi zote mbili, basi jina peke yake halitoshi.

Pili, tafuta herufi R karibu na alama za mtandao. Katika simu nyingi herufi hiyo ni dalili ya rominga.

Tatu, angalia saa. Zambia wapo nyuma yetu kwa saa moja. Simu inayojirekebisha saa yenyewe, ikishika mnara wa Nakonde, aghalabu hurudi nyuma saa moja. Msafiri aliyetega kengele ya saa kumi alfajiri ataamshwa saa kumi na moja, na basi lake limeshaondoka.

Wanaokwenda Ileje nao wakumbuke haya, kwa sababu ng'ambo ya Mto Songwe ni Malawi, na saa ya Malawi ni sawa na ya Zambia.

Dawa ni hii. Ingia katika mipangilio ya simu, sehemu ya mtandao na laini, uzime rominga. Kisha ondoa kule kujichagulia mtandao, na uchague kwa mkono wako mtandao wa kampuni yako ya Tanzania. Ukiondoka mpakani, usisahau kuirejesha simu katika hali ya kujichagulia yenyewe, ama sivyo huenda ikakusumbua kwengine.

Na jambo jengine dogo lenye faida kubwa: andika nambari za jamaa zako zikianza na +255 badala ya sifuri. Nambari inayoanza na sifuri, ikipigwa kupitia mtandao wa Zambia, huenda ikadhaniwa kuwa ni ya Zambia, ambayo nambari yake ya nchi ni +260. Inayoanza na +255 hufika nyumbani popote ulipo.

KADI, SIMU, AU MNARA?

Sasa tuje katika shida yenyewe: kioo kimeandika "Hakuna huduma". Karafuu zikipungua kituoni, mwenye akili haukati mti. Huuliza kwanza kama zimekosekana mtini, au zimemwagika njiani, au mizani ndiyo mbovu. Na simu ni hivyo hivyo. Kosa liko katika moja ya sehemu tatu: kadi, simu au mnara. Twawanasihi wanachama wafuate utaratibu huu, bila ya kuruka hatua.

1. Muulize jirani mwenye laini ya kampuni kama yako. Ikiwa yeye pia hana mtandao, kosa ni la mnara au la njia zake. Usiifungue simu yako, wala usimpe fundi, ngoja.

2. Ikiwa jirani anao, tia simu katika hali ya ndegeni kwa nusu dakika, kisha iondoe. Isipofaa, izime kabisa na uiwashe tena. Hapo simu huanza upya kuutafuta mnara, na shida nyingi humalizika hapo.

3. Zima simu, toa kadi, uifute kwa kitambaa laini kikavu. Tunduma kuna vumbi la kiangazi na la malori. Kwetu kuna hewa ya chumvi na unyevu. Vyote viwili huziharibu zile sehemu za rangi ya dhahabu ambazo kadi hugusana na simu. Irudishe vizuri, kona yake iliyokatwa ikielekea pale ilipochorwa.

4. Tia kadi yako katika simu ya mtu unayemwamini, na kadi yake katika simu yako. Hii ndiyo hatua kubwa. Kadi yako ikifanya kazi kwake, kosa ni la simu yako. Kadi yake ikifanya kazi kwako na yako isifanye popote, kosa ni la kadi au la usajili wake. Kwa jaribio hili lisilogharimu hata senti utajua uende kwa fundi au uende kwa kampuni ya simu.

MANENO YA KIOO NA MAANA ZAKE

"Hakuna SIM" maana yake simu haiioni kadi: imekaa upande, imechafuka au imekufa.

"Simu za dharura pekee" maana yake simu inausikia mnara fulani, lakini haikuruhusiwa kuutumia. Mpakani huja mara nyingi, simu inaposikia minara ya jirani tu. Hata hivyo waweza kujaribu 112 ukipatwa na hatari.

Ikiwa kioo kinataka PIN ya kadi, usibahatishe. Ukikosea mara tatu kadi hujifunga na kutaka nambari ya PUK, nayo ukiikosea mara 10 kadi hufa moja kwa moja. PUK hupatikana katika karatasi iliyokuja na kadi, au kwa kampuni yenyewe.

Ukiweza kupiga lakini intaneti haifunguki, tazama kwanza kama data imewashwa na kama bando halijakwisha. Kisha tazama mipangilio ya APN, yaani mlango ambao simu hupitia kuingia katika intaneti. Kampuni yako itakuletea mipangilio hiyo ukiiomba. Na kama intaneti ipo lakini kupiga hakuwezekani, huenda mtu ameiwekea simu yako 4G tu. Irejeshe ichague yenyewe kati ya 2G, 3G na 4G.

Ama vishikwambi, ambavyo vimeenea sana tangu vile vya Sensa ya mwaka 2022 vilipogawiwa walimu, vipo vya namna nyingi. Vyengine havina mahali pa kadi kabisa, hutegemea Wi-Fi tu. Vyengine hupokea kadi kwa ajili ya intaneti lakini havipigi simu. Tazama hayo kabla ya kununua.

USAJILI NA SIMU BANDIA

Kadi nzima katika simu nzima huweza kufungwa kwa sababu ya sheria. Tangu mwaka 2019 laini husajiliwa kwa alama za vidole na kitambulisho cha NIDA, na Januari 2020 ufungaji wa zisizosajiliwa hivyo ulianza. Bonyeza *106# ukaangalie nambari zilizosajiliwa kwa kitambulisho chako. Ukiikuta usiyoijua, kaishtaki kwa kampuni hiyo. Na laini isiyotumika kwa muda mrefu hufungwa, na nambari yake huweza kupewa mtu mwengine. Basi kijana anayekaa Tunduma kwa laini ya Zambia asiiache ya nyumbani ikalala sandukuni.

Kadhalika, mwezi Juni 2016 Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania ilizifungia simu bandia zisitumike nchini. Unaponunua simu mpakani kwa bei ya kushangaza, bonyeza *#06# uone nambari yake ya utambulisho, uilinganishe na iliyo juu ya boksi. Zisipolingana, mrudishie mwenyewe.

MABONDE, MABATI NA MIKARAFUU

Mkoa wa Songwe una milima ya Ileje upande mmoja, na nchi ya chini ielekeayo Ziwa Rukwa upande mwengine. Mawimbi ya simu huenda kama mwanga wa taa: kilima kikisimama katikati, nyuma yake huwa kivuli. Mnara wa 2G, hata uwanjani, kwa kawaida haupiti kilomita 35, na wa 4G aghalabu hufika karibu zaidi. Ndiyo sababu mtu aliye bondeni hana mtandao na aliye kilimani anao, ijapokuwa wanaonana kwa macho. Wanachama wa Pemba, nchi ya vilima na mabonde, hawahitaji kuelezwa zaidi. Mchumaji aliye juu ya mkarafuu huweza kuzungumza na Dar es Salaam na mwenye shamba aliye chini hasikii kitu.

Basi panda juu, toka chini ya bati, shuka katika kichwa cha lori, sogea dirishani. Mahali penye mtandao dhaifu simu hutumia nguvu nyingi kuutafuta na betri hukwisha upesi. Kama huihitaji, itie katika hali ya ndegeni.

LILILO KUBWA KULIKO YOTE

Tumeliweka mwisho ili likumbukwe. Laini yako siku hizi ni kama ufunguo wa sanduku la fedha. Penye msongamano kama Tunduma hakosekani mtu mwenye maneno mazuri atakayesema, "Nipe simu nikutengenezee," kisha akauliza nambari yako ya siri. Hakuna utengenezaji wa mtandao unaohitaji nambari ya siri ya fedha. Asiulize fundi, wala wakala, wala apigaye simu akijiita mtu wa kampuni.

Na ikiwa umekaa mahali pamoja, mtandao wako umekatika ghafla, jirani wa kampuni ile ile anao, na kadi yako haifanyi kazi hata katika simu ya mwengine, usilale ukisema utatazama kesho. Huenda mwizi ameihamishia nambari yako katika kadi nyengine ili akombe fedha zako. Azima simu wakati huo huo, uipigie kampuni yako, utake laini na akaunti ya fedha vifungwe, kisha uende dukani kwao na kitambulisho. Katika wizi wa namna hii, kuchelewa saa moja ni kutosha kupoteza mavuno ya mwaka mzima.

Twawaomba wanachama waihifadhi karatasi hii, na mwenye kijana aliye njiani amsomee kwa simu maadam inashika. Na wazee wasioweza kusoma maandishi madogo wasomewe na wajukuu zao, hasa sehemu hii ya mwisho.