Ala Mpya za Kugonga Nyuzi: Vidole Vinataka, Mfuko Unasemaje?

Kama unapiga gitaa au kibodi kanisani Umoja, Kayole au Dandora, kuna video fulani ambayo lazima imewahi kukufikia kwa WhatsApp. Jamaa ameweka mbele yake ubao mpana wenye nyuzi nyingi, umelala kama kibodi. Hakwanyui nyuzi wala hana plektra. Anazigonga tu na ncha za vidole, mikono yote miwili, na sauti inayotoka iko katikati ya piano na gitaa. Ala hiyo inaitwa harpejji. Ilibuniwa Marekani na Tim Meeks mwaka wa 2007, mwaka ule ule Wakenya walipoanza kutumiana pesa kwa simu. Stevie Wonder anaipiga. Jacob Collier pia.

Swali linalofuata huwa ni moja: ni pesa ngapi?

Jibu fupi ni maelfu ya dola. Dola moja ikiwa karibu shilingi 130, kila dola elfu moja ni kama KSh 130,000. Chukua ala ya dola 3,000, kwa mfano wa hesabu tu. Hiyo ni KSh 390,000 kabla haijapanda ndege. VAT ya asilimia 16 peke yake juu ya bei hiyo ni KSh 62,400, na ujue VAT hupigwa baada ya kuongeza gharama ya usafiri, bima na ushuru wa forodha, kwa hivyo itazidi hapo. Kwa pesa hizo mtu wa Njiru ameshaanza kuulizia ploti.

Lakini kabla hujafunga simu ukasema haya ni mambo ya wazungu, tuongee kwanza kuhusu vidole. Hapo ndipo utamu wa ala hizi ulipo, na habari njema ni kwamba unaweza kuuonja bila kununua chochote.

Kwa gitaa la kawaida, mkono wa kushoto unabonyeza na wa kulia unakwanyua. Mikono miwili, kazi moja. Kwa ala ya kugonga, kidole kikishuka kwa nguvu kidogo juu ya uzi, uzi unagusa freti na sauti inaanza papo hapo. Kila kidole kinajitegemea. Mkono mmoja unaweza kushika besi huku mwingine unaimba melodi. Mmarekani mwingine, Emmett Chapman, alianza kupiga hivi mwaka wa 1969, na kufikia 1974 alikuwa anauza ala aliyoiita Chapman Stick. Hiyo ina nyuzi kumi au zaidi na inasimama wima mbele ya kifua, imeshikiliwa na mshipi. Harpejji yenyewe inalala. Kila uzi uko sauti moja nzima juu ya jirani yake, na kila freti inapanda nusu sauti. Maana yake ni kwamba ukishajua umbo la kodi moja, umbo ni lile lile kwa ufunguo wowote. Mtu wa kibodi aliyesumbuliwa miaka na kwaya inayopandisha ufunguo katikati ya wimbo atanielewa haraka.

Sasa, hisia. Wanaojaribu kugonga nyuzi kwa gitaa la bei rahisi hukata tamaa siku ya kwanza, wakidhani vidole vyao ni dhaifu. Mara nyingi shida ni kimo cha nyuzi. Kadi ya ATM ina unene wa karibu milimita 0.76. Ziweke mbili pamoja, uzipitishe chini ya uzi mnene pale kwenye freti ya 12. Zikigusa uzi kidogo tu, uko kwenye milimita 1.5 na gitaa lako linaweza kugongwa. Kama zinaingia nne na bado kuna nafasi, hapo unapigana na chuma. Utagonga, utaumia, na hakuna atakayesikia. Fundi akishusha tandiko la nyuzi, na akikufungia nyuzi nyembamba zaidi, gitaa lile lile linabadilika. Hiyo ndiyo pesa ya kwanza ningeitoa, kabla ya kuota chochote cha kutoka ng'ambo.

Jambo la pili ni kelele. Uzi ukigongwa, unalia pande zote mbili za kidole, na nyuzi zingine zinaitikia bila kuitwa. Ala za dukani zina namna ya kuzima kelele hiyo. Wewe funga kitambaa laini au soksi kuukuu juu ya shingo, karibu na zile freti za kwanza. Inachekesha, lakini inafanya kazi, na hata wapigaji wakubwa hufanya hivyo. Tatu, lazima umeme. Bila pikapu na spika, ala ya kugonga ni ya kusikika na mwenyewe tu, ambayo kwa nyumba za Huruma zenye ukuta mmoja na jirani si jambo baya saa nne usiku.

Na tusijifanye wageni wa wazo hili la mtu mmoja kufanya kazi ya watatu. Nyatiti ya Waluo ina nyuzi nane. Mpigaji anakaa kwenye kigoda kifupi, vidole vinacheza na nyuzi, kidole gumba cha mguu kimevaa pete ya chuma inayoitwa oduong'o kinagonga mbao ya ala, njuga zinalia mguuni, na mdomo unaimba. Besi, ngoma na melodi kutoka kwa mtu mmoja aliyekaa. Gitaa la benga lilijifunza mengi kutoka hapo. Hata bei ilishushwa zamani kwa akili ya mafundi: nyuzi zilizokuwa za mishipa ya ng'ombe zikawa za nailoni, ile ile ya kuvulia samaki. Kwa maoni yangu, kijana wa Kaloleni au Makongeni anayetaka ala ya tofauti aanze kwa kuisikiliza nyatiti kwa makini, halafu ndio aamue kama kweli anahitaji kitu cha Marekani.

Wapo watakaosema, mimi nataka ile ya kulala mezani. Sawa. Mbao ipo Gikomba, vyuma vipo Kamukunji, vifaa vya umeme vipo Luthuli Avenue. Fundi mzuri wa mbao anaweza kukutengenezea ubao wa kugonga wenye nyuzi chache. Kabla hujampa shilingi, muulize swali moja: freti ya kwanza itakaa wapi? Jibu sahihi halitoki kwa macho. Unagawanya urefu wa uzi kwa 17.817. Uzi ukiwa na sentimita 64.8, freti ya kwanza inakaa sentimita 3.64 kutoka mwanzo. Unatoa hiyo, unagawanya kilichobaki tena kwa 17.817, hivyo hivyo hadi mwisho. Ya 12 lazima iangukie nusu kamili, sentimita 32.4. Fundi akikuambia atakadiria, shukuru, uende. Freti zikishapigwa vibaya hakuna kutuni kutakakookoa ala hiyo, na hapo ndipo pesa za watu hupotea.

Tufike kwa pesa zenyewe, kwa sababu ndiyo kazi yetu.

Usilipe kazi ya fundi yote kwa mpigo. Tuseme mmekubaliana KSh 24,000. Lipa 8,000 ya mbao na vifaa, 8,000 ukiona freti zimekaa mahali pake na umepima mwenyewe, na 8,000 ya mwisho siku ya kuchukua, baada ya kuigonga mbele yake ikiwa imechomekwa kwa spika. Andikianeni ujumbe mfupi wa simu kila hatua: kiasi, tarehe, kilichobaki. Ujumbe wa malipo unaonyesha pesa zimeenda kwa nani, lakini hausemi mlikubaliana nini. Huo wa pili ni wenu kuandika.

Kama fundi ana Till, tumia Till. Kwa kawaida mteja hatozwi ada ya kulipa, na jina la biashara linatokea. Jina likitokea kabla hujathibitisha, lisome. Lisome kweli. Muuzaji wa mtandaoni anayejiita duka la muziki lakini jina linalotokea ni la mtu binafsi ambaye hujawahi kumsikia, muulize kwanza. Asipojibu, au akianza kukuharakisha eti kuna mteja mwingine njiani, mwachie huyo mteja mwingine.

Kitu kimoja ambacho wateja wengi huchanganya: kurudishiwa pesa ni kwa ajili ya pesa zilizoenda nambari isiyofaa. Ukikosea nambari, omba mara moja, kabla aliyepokea hajazitoa. Lakini ukimlipa fundi uliyemkusudia na akakuletea ubao uliopinda, hapo hujakosea nambari. Huo ni mgogoro wenu wa biashara, na ndio maana ile theluthi ya mwisho ni muhimu kubaki kwako hadi mwisho.

Kwa wanaoweka kidogo kidogo: KSh 200 kwa siku kwa siku 120 inafika hiyo 24,000. Miezi minne. Iweke kwenye akaunti ya akiba iliyofungwa, si kwenye salio la kawaida ambapo itaonana na nauli, tokeni za stima na madeni ya mama mboga. Chama cha bendi kinaweza kuharakisha. Watu watano wakiweka 40 kila mmoja ni 200 ile ile, mradi muandike mapema ala ni ya nani bendi ikivunjika. Na tafadhali, mkopo wa kuongezea salio, ule unaotozwa ada kila siku, usiwe wa kununua ala. Huo ni wa kukuvusha hadi jioni.

Kwa wachache watakaoagiza kutoka nje, kumbuka muamala mmoja wa simu una kikomo cha KSh 250,000, na kwa siku nzima ni KSh 500,000. Ala ya KSh 390,000 itataka miamala miwili au benki. Hakikisha kwanza na muuzaji kwamba anakubali kupokea mara mbili. Mzigo ukifika, kodi hulipwa kwa nambari ya malipo inayotolewa na KRA, ile PRN. Kama kampuni ya usafirishaji imekulipia kwanza, idai stakabadhi inayoonyesha PRN hiyo na kiasi chake, kando na ada ya huduma yao. Mtu akikupigia eti mzigo wako umekwama uwanja wa ndege na utume pesa kwa nambari yake binafsi ili uachiliwe, kata simu, kisha uipigie kampuni ya usafirishaji kwa nambari iliyo kwenye stakabadhi yako ya kuagiza.