Kwa nini adui wa gemu hakutoki kichwani?

Hebu jiulize: ni adui gani wa gemu unayemkumbuka mpaka leo? Huenda si yule mwenye nguvu kuliko wote. Bosi wa nguvu tupu anakusumbua siku mbili, unampiga, unamsahau.

Kwenye filamu unamtazama stelingi. Kwenye gemu stelingi ni wewe. Kwa hiyo adui aliyetungwa vizuri anakugusa wewe uliyeshika padi.

Chukua Final Fantasy VII ya mwaka 1997. Sephiroth anamuua Aerith, mhusika uliyesafiri naye saa nyingi, ukimpandisha viwango na kumtafutia silaha. Umempoteza yeye, na jasho lako limekwenda naye. Ndiyo maana hasira inakuwa yako.

Portal ya mwaka 2007 inakwenda mbali zaidi. GLaDOS, kompyuta inayosimamia majaribio, anakupa boksi lenye alama za moyo ulibebe chumba kizima. Halisemi kitu, lakini linakukinga na kukusaidia kupanda. Ukishalizoea, anakuamuru ulitupe kwenye tanuru, na huwezi kuendelea mpaka utii. Baadaye anakusimanga kwa hilo hilo! Hasira huisha ukishamshinda adui. Hatia je? Aliyebonyeza kitufe ni wewe.

Basi, ukitaka kutengeneza gemu, usianze kwa kumwongezea adui nguvu. Anza na swali hili: atamnyang'anya nini mchezaji, au atamfanya atende nini kwa mkono wake mwenyewe?