Je, Mwanao Alikwisha Kupata Korona?

Akina mama wanaoleta watoto kliniki huniuliza: "Sista, mwanangu hakuugua korona hata siku moja. Je, yawezekana aliipata tusijue?" Ndiyo, yawezekana. Jambo hili lilionekana wazi katika mji wa Crépy-en-Valois, kaskazini mwa Paris, huko Ufaransa.

Februari 2020 korona ilikuwa imeingia mjini humo kimya kimya, na mwishoni mwa mwezi mwalimu mmoja wa mji huo alifariki. Kati ya Machi na Aprili, wataalamu wa Taasisi ya Pasteur walipima damu ya watu 661 wa shule moja ya sekondari: wanafunzi, walimu, wafanyakazi wengine, pamoja na wazazi na ndugu wa wanafunzi.

Walitafuta nini?

Hawakutafuta virusi, maana kwa kawaida mtu akipona virusi huondoka. Walitafuta kingamwili, yaani askari ambao mwili huwatengeneza ili kupigana na virusi. Askari hao hubaki katika damu kwa miezi kadhaa. Ni kama nyayo za mwizi: mwenyewe amekwenda zake, lakini nyayo zasema alipita.

Katika kila wanafunzi 100, kama 38 walikuwa na kingamwili, walimu 43, wafanyakazi wengine 59. Wazazi na ndugu walikuwa kama 11 tu. Na katika kila watu 100 walioambukizwa, 17 hawakuona dalili yoyote.

Mwishoni mwa Aprili zilipimwa shule 6 za msingi za mji huo huo. Huko wanafunzi walioambukizwa walikuwa kama 9 katika 100. Wazazi wa watoto hao waliokuwa na kingamwili walikuwa 61 katika 100, lakini wazazi wa watoto wasioambukizwa walikuwa 7 tu. Yaelekea wadogo hao wengi waliupata ugonjwa nyumbani.

Tahadhari

Kipimo hiki hakisemi kama mtu ni mgonjwa leo. Ukipima mapema mno, kabla ya wiki moja au mbili, huenda kisione kitu. Kingamwili hupungua, na mwenye nazo aweza kuambukizwa tena. Chanjo nayo huleta kingamwili. Kwa hiyo kipimo hiki chafaa zaidi kuijua hali ya jamii nzima. Hakuna haja ya kutumia fedha kumpima kila mtoto.

Tujifunze nini?

Tusinyosheane vidole kwamba fulani ndiye aliyetuletea ugonjwa. Wengine walikuwa nao bila kujua. Bali mtoto mwenye homa na kikohozi abaki nyumbani, tena asilale chumba kimoja na bibi au babu. Tufungue madirisha, tunawe mikono kwa sabuni. Mtoto akipumua kwa shida, msingoje kesho: mleteni hospitali mara moja.