MTOTO HASHINDANISHWI: HATUA ZA MIEZI YA MWANZO



Ndugu wasomaji, hapana nyumba yetu hapa Uingereza ipatayo mtoto ikakosa wageni, na hapana mgeni asiyekuja na kipimo chake. "Wa fulani keshakaa, huyu wako vipi?" Maneno haya husemwa kwa mapenzi, lakini mzazi aliye mbali na mamake huenda nayo kitandani akayalilia.

Sisi tumeyaona nyumbani mwetu. Mjukuu wetu alizaliwa wiki saba kabla ya wakati. Alipotimiza miezi minne shingo yake ilikuwa bado ikilegea, na kila aliyempakata aliguna. Mama yake akaacha kumtoa mbele za watu. Siku muuguzi wa watoto alipotuzuru, alifanya hesabu moja tu. Mtoto aliyewahi kuzaliwa, maendeleo yake hupimwa kuanzia siku aliyotazamiwa kuzaliwa, na hesabu hiyo hufuatwa mpaka atimize miaka miwili. Kwa hesabu hiyo, mjukuu wetu alikuwa mtoto wa wiki kumi tu! Mama yake alicheka na kulia kwa wakati mmoja.

Tumeona basi ni vyema kuzieleza hatua hizi, ili tujue la kutulia nalo na la kulikimbilia.

Hatua ya kwanza huangukia karibu na arobaini ya mzazi. Kabla ya hapo mtoto hutabasamu usingizini, nasi husema anachezewa na malaika. Baina ya wiki ya sita na ya nane huanza kutabasamu kwa kumjibu amtazamaye. Huufuata uso kwa macho na hutulia asikiapo sauti ya mamake. Wakati huo ndio daktari wa hapa humkagua macho, moyo na nyonga, na mtoto wa kiume hutazamwa korodani pia. Miadi hii isikoswe, hata kama mtoto anaonekana mzima.

Kufikia mwezi wa nne, wengi hukaza shingo, hushika kitu wakitiwa mkononi, hupeleka mikono kinywani na hutoa sauti kama wanaojibizana nasi. Kufikia wa sita hunyoosha mkono kutwaa wakitakacho, hujigeuza na hucheka kwa sauti. Kumlaza kifudifudi akiwa macho, nawe u pamoja naye, humsaidia kukaza shingo na mabega. Lakini katika usingizi alazwe chali, usiku na mchana.

Baada ya hapo njia huachana. Shirika la Afya Duniani lilitoa mwaka 2006 matokeo ya uchunguzi wa watoto wazima wa nchi tano, na mojawapo ilikuwa Oman, wanakoishi jamaa zetu wengi. Ilionekana kwamba kukaa bila kuegemea huweza kuja tangu karibu miezi 4 hadi zaidi kidogo ya 9, na kutembea peke yake tangu karibu miezi 8 hadi 17 na nusu. Wako pia wasiotambaa kabisa kwa mikono na magoti, wakasimama dede na kwenda zao. Kwa hiyo mtoto wa jirani si kipimo cha wako.

Juu ya lugha, tusidanganyike. Wapo wazazi walioambiwa waache Kiswahili ili mtoto asichelewe kusema. Lugha mbili hazimcheleweshi mtoto. Mwimbieni, msemesheni, mkimwogesha na mkimvisha, kwa lugha iliyo nyepesi vinywani mwenu.

Hata hivyo, subira si kufumba macho. Wengine miongoni mwetu huona jambo wakanyamaza, kwa kuogopa kijicho au maneno ya watu. Mwambieni daktari, bila kungoja miadi, ikiwa mtoto wa miezi mitatu hatabasamu kwa mtu wala hafuati kitu kwa macho; ikiwa hashtuki kwa kishindo; ikiwa mwili ni mkavu mno au mlegevu mno; ikiwa daima hutumia mkono wa upande mmoja tu; au ikiwa ameacha jambo aliloliweza. Mboni inayoonekana nyeupe ni ya kupelekwa upesi sana. Dalili hizi si hukumu ya ugonjwa, lakini macho, masikio na viungo hutibika vyema zaidi vikishughulikiwa mapema. Usipoziba ufa utajenga ukuta.

Asiyejiweza kwa Kiingereza aombe mkalimani; ni haki yake, wala hatozwi kitu. Andikeni siku ya kila hatua katika kile kitabu chekundu cha mtoto, mkichukue kila mwendapo kliniki. Nasi tulio wakubwa, tuzurupo nyumba yenye mtoto mchanga, tuache kuuliza amefika wapi. Tumuulize mama amelala saa ngapi, kisha tumpokee mtoto apate kupumzika.

Mjukuu wetu alitembea akiwa na miezi kumi na sita, akaanza na kuvunja kikombe cha babu yake. Tulimshukuru Mungu.