Miezi Mitatu Haitoshi Kuwa Kaka

Siku ya kwanza mtoto hasemi kitu. Ya pili, kila swali analijibu "sijui". Ya tatu hatokei kabisa, na mwanachuo aliyejitolea kuwa kaka yake anabaki kwenye benchi na chupa mbili za soda, akijiuliza amekosea wapi. Wengi hukata tamaa hapo, kumbe ndipo uhusiano unapoanza: mtoto anampima.

Mtoto wa mazingira hatarishi amekwisha kuona mengi. Baba aliondoka, mjomba aliahidi ada akapotea. Kumkwepa mgeni anayetabasamu ni akili, si utovu wa adabu.

Mwaka 1904 Ernest Coulter, karani wa mahakama ya watoto mjini New York, alichoka kuona watoto wakipita mbele yake mmoja baada ya mwingine. Akawaomba wanaume wa mji huo kila mmoja amchukue mtoto mmoja awe rafiki yake. Hilo ni mojawapo ya machimbuko ya Big Brothers Big Sisters, shirika kubwa la aina hiyo Marekani. Msomaji wa pwani atasema si jambo geni, maana mwari alikuwa na somo wake, mwanamke mkubwa aliyemfunda. Kweli, ila somo hakuondoka muhula wa chuo ulipoisha.

Jaribio lililowapa watafiti imani na mipango ya namna hii lilichapishwa mwaka 1995. Watoto 959 wa miaka 10 hadi 16, katika miji minane ya Marekani, waligawanywa kwa kura: nusu wakatafutiwa mtu mzima wa kujitolea, nusu wakasubiri. Baada ya miezi 18, waliotafutiwa kaka au dada walikuwa na uwezekano pungufu kwa asilimia 46 wa kuanza kutumia dawa za kulevya, na walitoroka shule takriban nusu ya siku walizotoroka wenzao. Mpango wenyewe haukuwa wa kupiga vita dawa za kulevya. Mtoto na kaka au dada yake walikutana mara kadhaa kwa mwezi, wakatembea, wakacheza, wakala pamoja.

Siri iko wapi? Utafiti mwingine wa mwaka huohuo ulifuatilia jozi 82 ukakuta namna mbili za ukaka. Kuna waliokuja na ajenda: nitampandisha alama, nitamnyoosha. Na kuna waliomwachia mtoto achague cha kufanya, wakangoja mambo mazito yaje yenyewe. Jozi nyingi za kundi la kwanza zilivunjika mapema. Nyingi za kundi la pili zilidumu, na humo ndimo watoto walimoanza kusimulia ya nyumbani, mara nyingi bila kuulizwa. Ukianza kumhubiria mtoto kabla hajakuamini, amepata mwalimu mwingine tu, na walimu anao.

Tusitie chumvi. Mwaka 2002 wataalamu walikusanya tathmini 55 za mipango ya namna hii, wakaona faida yake kwa wastani ni ndogo. Mwaka huohuo watafiti Jean Grossman na Jean Rhodes walirudi kwenye takwimu za wale watoto 959, wakaangalia muda. Uhusiano uliofika mwaka mmoja au zaidi ulileta manufaa mengi kuliko yote. Uliokatika ndani ya miezi mitatu uliwaacha watoto wakijithamini kidogo kuliko walivyokuwa mwanzo. Kwa lugha nyingine, tulimdhuru mtoto huku tukijipongeza kwa wema.

Mfano wa uhusiano usiotegemea muhula uko Rwanda. Baada ya mauaji ya kimbari ya 1994, watoto wengi huko walibaki wakuu wa kaya. Watu wazima wa vijiji vyao walijitolea kuwatembelea, na wakaitwa Nkundabana, yaani “nawapenda watoto”. Faida yao ilikuwa ujirani: Nkundabana alikaa kilima kilekile, na mtoto alipomhitaji alijua mlango wake.

Mwanachuo hana mlango huo. Kwa hiyo, ndugu yangu unayetaka kujiandikisha, hesabu kwanza mihula uliyobakiwa nayo. Kama ni mmoja, omba kazi nyingine: fundisha hesabu Jumamosi, panga vitabu maktaba. Kama unao mwaka, anza. Na itakapobidi kuondoka, mwambie mtoto mapema, mtajie tarehe ya kuagana, na siku hiyo ufike.