Nakshi Isiyohitaji Patasi

Anayetaka kutengeneza mapambo kwa vioo vilivyotumika huvutiwa kwanza na rangi: huvunja chupa ya kijani, akaongeza vipande vya kahawia, akaviyeyusha pamoja. Hapo ndipo kazi huharibika. Kioo ni mchanga, magadi na chokaa, lakini kila kiwanda kina vipimo vyake, na tofauti ndogo tu ya vipimo hufanya vioo viwili visinywee sawasawa vinapopoa. Vikishikana, huvutana chini kwa chini hadi vipasuke, pengine siku kadhaa baada ya kutoka tanurini. Ndiyo maana nashikilia kwamba mwanagenzi aanze na nakshi ya tanuri: inahitaji kioo kimoja tu, na kioo hakigombani na nafsi yake.

Kinachochongwa si kioo bali karatasi ya nyuzi za kauri, nene kama milimita 3 na laini kama sufi iliyoshindiliwa. Kisu kikali hukata humo waridi, samaki au mnyororo, maumbo yaleyale ya milango ya Zanzibar na Lamu. Umbo hulazwa kwenye rafu iliyopakwa unga wa kuzuia kunata, kisha kioo cha dirisha huwekwa juu yake. Tanuri likifika nyuzi 750 hadi 800 za Selsiasi, kioo hulegea, kikazama taratibu kuzunguka kingo za karatasi. Kikishapoa, karatasi husuguliwa kwa maji na nakshi hubaki imezama upande wa chini. Kioo cha milimita 6 hushika umbo vizuri. Cha milimita 3 huelekea kukonda kingoni. Cha madirisha ya pembeni ya gari hakifai kabisa, kwa sababu husambaratika punje punje ukijaribu kukikata.

Wapo watakaosema kioo kisicho na rangi hakina mvuto. Kiinamishe kidogo dirishani uone: kila ukingo wa nakshi hudaka mwanga na kutupa kivuli chake. Hoja ya gharama ni nzito zaidi, maana tanuri la umeme si bei ya mtu wa kawaida. Hata hivyo, linganisha na kupuliza kioo: karakana za Kitengela nchini Kenya na Shanga jijini Arusha zinapuliza vioo vilivyotumika, na tanuru la kupulizia kwa kawaida huachwa likiwaka usiku na mchana. Hili la nakshi huwashwa siku ya kazi tu, kwa hiyo kikundi kinaweza kulichangia.

Lisilo na njia ya mkato ni usalama na subira. Vumbi la karatasi ile hudhuru mapafu, kwa hiyo barakoa ivaliwe na meza ifutwe kwa kitambaa kibichi, isifagiliwe. Moto ukishuka, kioo hutulizwa kwenye nyuzi 550 hivi kwa muda, ndipo kiachwe kipoe polepole. Pengine ni usiku kucha, na mlango haufunguliwi mpaka kioo kishikike kwa mkono mtupu.