Binti na Mpira wa Shuleni: Faida Isiyoonekana kwenye Makombe

Mnamo Novemba 2024, huko El Jadida nchini Morocco, wanawake wa TP Mazembe waliifunga AS FAR, klabu ya Morocco, bao 1–0 na kutwaa Ligi ya Mabingwa ya Wanawake ya Afrika. Klabu ya Mazembe, ambayo uwanja wake uko Kamalondo, mjini Lubumbashi nchini Kongo, ilizaliwa shuleni: mwaka 1939 watawa Wabenedikto wa shule ya Saint-Boniface waliwaundia wanafunzi wao timu. Wanafunzi hao walikuwa wavulana. Kombe la wanawake lilikuja miaka 85 baadaye, na ni halali yao kusifiwa. Hata hivyo, mabinti wengi wa Kamalondo hawataivaa jezi ile maishani, na mimi nawatetea hao. Michezo ya shule ina faida kubwa zaidi kwa yule asiyekuwa nyota.

Ushahidi ulio wazi unatoka Marekani. Sheria ya mwaka 1972 ilikataza shule zinazopokea fedha za serikali kuu kuwabagua wasichana, michezoni pia. Kabla yake, wasichana wa sekondari waliocheza katika timu za shule hawakufika 300,000; leo wanapita milioni 3. Mtu atasema wanaocheza ni wale wale wenye bidii na wazazi wenye uwezo, kwa hiyo wangefaulu hata bila mpira. Pingamizi hilo lina uzito. Mchumi Betsey Stevenson alilijibu kwa kulinganisha majimbo: pale ambapo wavulana wengi walikuwa wakicheza tangu zamani, sheria ililazimisha nafasi nyingi zaidi zifunguliwe kwa wasichana, wawe na bidii au wasiwe nayo. Aliona kwamba ushiriki wa wasichana ukipanda kwa pointi 10 za asilimia, wanaoingia chuo huongezeka kwa pointi 1, na wanaofanya kazi wanapokuwa watu wazima kwa pointi 1 hadi 2. Ongezeko ni dogo kwa mmoja mmoja, lakini kwa taifa zima ni maelfu ya maisha.

Mlango huo haukufunguka sawa kwa wote. Utafiti uliochapishwa mwaka 2002 ulionyesha kwamba kufikia miaka 16 au 17, asilimia 56 ya wasichana weusi wa Marekani hawakuwa na mazoezi ya kawaida nje ya shule, dhidi ya 31 ya weupe. Lakini wasichana weusi walipopewa nafasi, hata kabla ya sheria hiyo, waliitumia. Ed Temple, kocha wa riadha ya wanawake wa Tennessee State, chuo cha watu weusi, alipeleka wanariadha 40 kwenye Olimpiki, akiwemo Wilma Rudolph, aliyeugua polio utotoni na kushinda dhahabu 3 Roma mwaka 1960. Kati ya hao 40, 39 walipata shahada. Kwangu hesabu hiyo ya pili inazidi medali zote.

Mzazi wa Kamalondo ataniuliza: minervali, yaani karo ya shule, haijalipwa, maji hayajachotwa, wewe unaleta mpira? Tena nani atamlinda binti dhidi ya kocha mwenye nia mbaya? Hofu hii ya pili ni ya kweli kabisa, na shule isiyoweza kuijibu isianzishe timu. Mazoezi yawe ndani ya ratiba ya masomo, mchana, mbele ya mwalimu mwanamke, na binti awe na mtu anayemjua wa kumpelekea malalamiko. Kuhusu minervali, michezo haiilipi. Ila mzazi anayesita kati ya kumlipia kaka na kumlipia dada huwa anapima pia kama dada ana hamu ya shule, na timu humpa binti sababu ya kurudi darasani kesho.